Barua ya wazi kuhusu maji ya migodi: bakteria hawafanyi kazi bure

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini,
Kwa wakuu wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji,
Na kwa waheshimiwa wawakilishi wadi wa Ganze, Magarini na Malindi

Waheshimiwa, salaam.

Nawaandikia kwa sababu ya sentensi moja. Niliikuta katika ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wa uchimbaji huku bara ya Malindi, kwenye kurasa za nyuma ambako wasomaji wengi hawafiki, kisha nikaisikia ikirudiwa kwa kipaza sauti kwenye kikao cha maoni ya umma. Yasema kwamba maji yatakayotoka mgodini yakiwa na asidi yatasafishwa kwa njia ya kibiolojia, yenye gharama ndogo. Basi, hakuna zaidi. Haikutajwa ni bakteria gani, bwawa litakuwa la ukubwa gani, litakaa kwenye shamba la nani, wala nani atalitunza mgodi ukishafungwa. Watu waliitikia kwa vichwa, soda zikagawiwa, tukatawanyika.

Kampuni siitaji, maana neno langu si juu ya kampuni moja. Zuio la leseni mpya za uchimbaji lililowekwa mwaka 2019 liliondolewa 2023, na tangu hapo wageni wenye nyundo za kupasulia miamba hawakauki huku kwetu. Sentensi ile mtaikuta kwenye ripoti nyingine, na nyingine tena, kwa kuwa ripoti hizi hunakiliana. Mimi nilifanya kazi ya maabara ya maji mpaka nikastaafu. Njia ya kibiolojia ipo kweli, na kusema haki naipenda. Ninachokataa ni kuuziwa nusu yake.

Niruhusuni nianze na jinsi maji yenyewe yanavyoharibika, kwa sababu kikaoni hilo halikuelezwa hata kidogo.

Ndani ya miamba mingi yenye madini mna pairaiti, jiwe la manjano linalometa, ambalo ni chuma kilichoungana na salfa. Likiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hukaa mamilioni ya miaka bila kumdhuru mtu. Mchimbaji akishalivunja na kulimwaga nje kama kifusi, hewa na mvua hulipata. Salfa yake hugeuka asidi ya salfuri, na chuma chake huyeyuka majini. Asidi nayo huenda ikayeyusha kila kilicho jirani: zinki, shaba, kadimiamu, manganizi, aluminiamu, na risasi kwa kiasi. Kwenye kipimo cha pH, maji ya kawaida yako karibu na 7, na kila namba ikishuka moja ukali huzidi mara 10. Maji ya migodi ya namna hii mara nyingi huwa kati ya 2 na 4. Katika mgodi wa Iron Mountain, California, wanasayansi walipima maji yaliyoshuka chini ya sifuri, hadi -3.6.

Lakini kemia peke yake huenda polepole. Maji yakishakuwa makali, chuma kilichoyeyuka huchelewa sana kugeuka kuwa ile hali ya pili inayoshambulia pairaiti zaidi. Anayeharakisha ni kiumbe hai. Mwaka 1947 watafiti wa Marekani walieleza bakteria waliowakuta katika maji ya migodi ya makaa ya mawe, ambao leo wanaitwa Acidithiobacillus ferrooxidans. Wanaishi kwa nguvu wanayoipata wakigeuza chuma. Mwaka 1970, watafiti Singer na Stumm walionyesha kwamba viumbe hawa wanaweza kuongeza kasi ya kazi hiyo hadi mara milioni moja. Kwa hiyo mnapoambiwa kwamba bakteria watayasafisha maji, mjue kwamba ni bakteria pia waliosaidia kuyachafua. Ni kabila tofauti tu.

Wala msidhani haya ni mambo ya ng'ambo. Kasese, Uganda, lundo la pairaiti lililobaki baada ya shaba ya Kilembe lilikaa miaka mingi likichuruzika kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth. Tangu 1999 lundo hilo likaanza kulishwa bakteria wa namna hiyo ndani ya matangi makubwa, ili lipatikane kobalti iliyokuwa imejificha humo. Afrika Mashariki, basi, tumeshawatumia vijidudu hawa kwa biashara. Upande wa Tanzania, mwaka 2009 maji ya asidi kutoka eneo la mgodi wa dhahabu yaliingia Mto Tigithe, Tarime, na wanaoutegemea mto ule hawakuhitaji maabara kuwaambia kuna jambo.

Sasa kwetu. Wanajiolojia wa serikali waliopita hapa miaka ya 1950 walichora risasi, zinki na barayiti katika ukanda unaotoka Kinangoni hadi Vitengeni. Manganizi nayo ipo. Jiwe la risasi lenyewe si mtengenezaji mkubwa wa asidi, hilo nalisema wazi ili mtaalamu wa kampuni asije akanishika hapo. Mkorofi ni pairaiti na ndugu zake wanaoandamana nalo, na kiasi chao hutofautiana kilima kwa kilima. Ndiyo sababu kuna kipimo. Sampuli za mwamba husagwa, ikahesabiwa asidi zinayoweza kutoa na chokaa iliyomo ya kuizima. Kisha sampuli huwekwa kwenye mitungi ya maabara na kunyunyiziwa maji wiki baada ya wiki kwa miezi, hadi mwaka au zaidi, kuona hasa kinachotoka. Hatua ya kwanza ni ya siku chache na si ghali. Hatua ya pili inahitaji subira, na subira ndiyo ambayo wawekezaji hawaji nayo.

Najua mtu wa pwani atasema: sisi tumekalia mawe ya chokaa, asidi itatupata wapi? Ni swali la maana. Mawe yetu ya matumbawe yanazima asidi vizuri kabisa, na tanuri za chokaa tunazijua tangu enzi za mababu. Lakini ukanda wa matumbawe ni mwembamba, umeshikana na bahari. Ukipanda kuelekea Ganze unaingia kwenye mawe ya mchanga, na hayo hayana uwezo huo. Hata ukibeba matumbawe kwa malori ukayamwaga mtaroni, maji yenye chuma na hewa huyafunika mawe kwa ganda la kutu, na baada ya muda mfupi yanabaki mawe yasiyofanya chochote. Wenye ujuzi hulizika jiwe la chokaa kwenye mtaro uliofungwa, hewa isiingie, ili chuma kisigande juu yake. Hata hapo, aluminiamu ikiwa nyingi mtaro huziba.

Hapo ndipo kabila la pili la bakteria linapoingia, na hawa Malindi na Watamu mnawajua kwa pua. Ukiingia mikokoni Mida maji yakiwa yametoka, mguu ukazama kwenye tope jeusi, ile harufu ya yai viza ni kazi yao. Wanaishi pasipo oksijeni, na badala ya kupumua oksijeni wanapumua salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni na kuyeyuka majini. Maji ya bahari yana karibu gramu 2.7 za salfeti kwa lita, kwa hiyo hawakosi. Chakula chao ni majani na mizizi iliyooza. Wanachotoa ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo hiyo harufu, pamoja na baikaboneti inayopunguza ukali wa maji. Gesi ile ikikutana na zinki, shaba, kadimiamu au risasi iliyoyeyuka, huishika na kuigeuza kuwa unga usioyeyuka, uitwao salfaidi, unaotuama chini. Weusi wa tope la mikoko ni chuma kilichoshikwa namna hiyo.

Yaani bakteria hawa wanairudisha nyuma safari ile ya mgodini. Kule salfa ilitolewa kwenye jiwe ikawa asidi. Huku asidi inarudishwa kuwa jiwe. Nilipoielewa hesabu hii mara ya kwanza nilifurahi, na sijaacha kufurahi. (Wenye mashamba ya chumvi kule Gongoni na Ngomeni nao wakumbuke: tope hilo hilo ukilikausha na kulianika, pairaiti iliyomo hugeuka asidi upya. Afrika Magharibi na Asia ya Kusini-Mashariki kuna mashamba ya mpunga na mabwawa ya kamba yaliyokufa kwa sababu hiyo. Lakini hilo ni la barua nyingine.)

Je, njia hii imefanya kazi mahali? Imefanya. Huko Budel, Uholanzi, kiwanda cha zinki kilikuwa kimechafua maji ya chini ya ardhi kwa salfeti na zinki. Tangu 1992 maji hayo yamepitishwa kwenye matangi yenye bakteria hawa, wakilishwa ethanoli, yaani pombe, na zinki inayotuama inarudishwa kiwandani itumike tena. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Rhodes kilibuni njia ya kuwalisha kwa tope la maji taka ya mji, ukawa uchafu mmoja unasafisha mwingine. Hiyo ya pili napenda muifikirie sana, kwa sababu miji yetu ya pwani haina upungufu wa maji taka.

Lakini tazameni na upande wa pili. Mgodi wa bati wa Wheal Jane huko Cornwall, Uingereza, ulifungwa mwaka 1991, pampu zikazimwa. Januari 1992 maji yaliyojaa humo yalifumuka, takriban lita milioni 50, yakageuza hori nzima rangi ya machungwa. Waingereza walijaribu vinamasi vya kutengenezwa, vya matete na mbolea na chokaa, wakavipima kwa miaka. Mwishowe kituo cha kudumu kilichoanza mwaka 2000 kikawa cha chokaa na mashine, maana maji yalikuwa mengi kupita ardhi iliyokuwapo ya kuchimba mabwawa. Mgodi wenyewe haupo tena, lakini kusafisha maji yake kumeendelea kwa gharama ya serikali. Nako Krugersdorp, Afrika Kusini, mwaka 2002 maji ya asidi yalianza kububujika juu ya ardhi kutoka migodi ya dhahabu iliyokwisha kuachwa. Kampuni nyingi zilizofaidi dhahabu ile hazikuwapo tena kuulizwa.

Waheshimiwa, hebu tufanye hesabu ambayo ripoti ile haikuifanya. Chukueni mgodi mdogo tu unaotoa maji lita 10 kwa sekunde, yenye miligramu 50 za chuma kwa kila lita. Kwa siku moja, hizo ni lita 864,000, na chuma chake ni zaidi ya kilo 43. Kipimo wanachotumia wajenzi wa vinamasi ni kwamba mita moja ya mraba hukamata gramu 10 hadi 20 za chuma kwa siku, tena hiyo ni kwa maji ambayo ukali wake umeshazimwa. Ukitumia gramu 10 wahitaji mita za mraba 4,320, ambazo ni zaidi ya ekari moja, kwa ajili ya kutuamisha chuma tu. Bado hamjaongeza mtaro wa chokaa, bwawa la bakteria wa salfeti, wala bwawa la kupokea mafuriko. Ekari hizo zitatoka wapi? Ganze na Magarini ni mahali ambapo watu wamezika babu zao kwenye ardhi wasiyo na hati yake. Bwawa lisipochorwa kwenye ramani leo, kesho litachimbwa kwenye kiwanja cha mtu ambaye hakualikwa kikaoni.

Halafu kuna chakula. Bakteria wa salfeti hawaishi kwa hewa tupu. Lazima wapewe kitu cha kuoza: kidogo kinachooza haraka kama samadi au molasi ili waanze kazi, na kingi kinachooza polepole kama vumbi la mbao ili waendelee. Hapa sisi tuna bahati ambayo Ulaya hawana. Makumbi ya nazi tunayatupa. Mabaki ya mkonge yapo Vipingo. Samadi ya ng'ombe na mbuzi Ganze ipo. Na joto letu ni faida tupu, kwa sababu nchi za baridi mabwawa haya huzubaa wakati wa theluji, ambapo huku bakteria hawana msimu wa kulala. Makumbi peke yake hayatoshi, kwa kuwa yana ugumu unaowashinda kuyavunja upesi. Lazima yachanganywe, na mchanganyiko huo hakuna kitabu kitakachowapa. Ni wa kujaribiwa hapa, kwa maji ya hapa. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Wanafunzi wake wa kemia na biolojia wangeweza kuanza na mapipa mwaka huu huu, kabla mwamba wowote haujapasuliwa, na yakafahamika mapema yale yanayofaa na yasiyofaa.

Chakula hicho huisha. Baada ya miaka kadhaa, mingine mitano, mingine kumi au zaidi, bwawa huziba au huchoka na lazima lifukuliwe, lijazwe upya. Kinachofukuliwa ni mbolea nyeusi, laini, yenye sura nzuri kabisa, na ndani yake imebeba risasi na kadimiamu yote iliyokamatwa kwa miaka hiyo. Hili linanitia hofu kuliko yote. Mgodi umefungwa, mlinzi ameacha kulipwa, ua umeibiwa nguzo. Mama mmoja anapita na kuona udongo mweusi katika nchi ya mchanga mwekundu. Atauacha? Atabeba kwa karai apande mchicha. Hata ukiachwa tu ukakauka juani, salfaidi zile hukutana na hewa na kuanza kuyeyuka tena, na safari inaanza upya.

Mvua zetu nazo zina hila yake. Wakati wa kiangazi kifusi hukauka na kutoa chumvi nyeupe na za manjano juu ya mawe. Hizo ni asidi na madini yaliyoganda yakingoja. Mvua za kwanza za masika huziyeyusha zote kwa siku chache, na maji ya siku hizo huwa makali kuliko ya mwaka mzima. Bwawa lililopigiwa hesabu ya wastani hufurika wakati huo huo ambapo linahitajika zaidi. Mpimaji akija mwezi wa Agosti atakuta maji mazuri, ataandika mazuri, atarudi Nairobi.

Manganizi nayo ina ukaidi wake. Haishikwi na ile gesi kama zinki inavyoshikwa. Inataka bwawa jingine kabisa, la mawe ya chokaa na hewa nyingi, lenye bakteria wengine wanaoifanya igande nyeusi juu ya mawe, na tena baada ya chuma kuwa kimeshaondolewa. Kwa hiyo ripoti inayosema njia ya kibiolojia kwa mgodi wa manganizi na kwa mgodi wa risasi kwa maneno yale yale imeandikwa na mtu asiyejua, au anayetegemea kwamba ninyi hamjui.

Mwauliza kwa nini mtu wa mjini Malindi ajitie katika mambo ya Ganze. Kwa sababu ya maji. Visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, ndivyo vinavyonywesha Malindi, Watamu, Kilifi, na sehemu ya Mombasa. Vinachota kwenye mchanga ulioshikamana na mto. Mto wenyewe tumeshautwika mengi: unakuja kama Athi kutoka nyanda za juu na Nairobi na yote yatokayo huko, unakutana na Tsavo na kuitwa Galana, unafika kwetu kama Sabaki, mwekundu wa udongo na kuipaka bahari rangi mpaka karibu na hifadhi yetu ya bahari, ambayo pamoja na ya Watamu ilitengwa mwaka 1968, ya kwanza nchini. Wavuvi wetu wanalalamikia tope miaka yote. Tope likiwa udongo tu, bahari huvumilia na ufuo hukua. Tope likibeba risasi, mchanga wa chini huihifadhi, na hakuna mvua ya kuiosha.

Na risasi Pwani si hadithi ya kusikia. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watu ugonjwa kwenye damu za watoto wao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa walioamriwa kulipa zilikuwamo taasisi za serikali zilizotoa vibali na kufumba macho. Kesi ikapanda mahakama hadi mahakama. Nawakumbusha si kwa kutisha. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na mahakama imeshaonyesha kwamba sahihi ya ofisa kwenye kibali inaweza kuirudia taasisi yake.

Sasa tufike kwenye fedha, ambako ndiko barua hii ilikokuwa inaelekea tangu mwanzo.

Sheria ya Madini ya 2016 inataka mwenye leseni aweke dhamana ya ulinzi wa mazingira. Sheria hiyo hiyo inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayoyatoa: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Vikaoni tunasikia sana juu ya ile 10. Dhamana hutajwa kwa pumzi moja, na ikitajwa huelezwa kama fedha ya kufukia mashimo na kupanda miti. Miti ni mizuri. Lakini mrabaha unakoma siku uchimbaji unapokoma, na maji ya asidi yanaweza kuwa ndiyo kwanza yanaanza, kwa kuwa pampu zikizimwa ndipo mgodi unapojaa. Ulaya kuna migodi ya enzi za Warumi ambayo hadi leo inachuruzika asidi. Dhamana inayohesabiwa kwa miaka mitatu ya kupanda mikwaju haitamlipa mtu wa kufukua bwawa mwaka wa ishirini na tano.

Ombi langu kwa Waziri ni hili: panapoonekana kwenye kipimo kwamba mwamba utatoa asidi, dhamana ihesabiwe kwa gharama ya kusafisha maji kwa vizazi, yaani ujenzi wa bwawa, chakula cha bakteria, kulifukua na kulijaza upya kila linapochoka, mahali salama pa kuzika tope lake, na mshahara wa walinzi na wapimaji. Iwekwe taslimu, kabla ya baruti ya kwanza, katika mfuko ambao faida yake italipa kazi hiyo, na ambao kampuni ikifilisika wadai wake wengine hawawezi kuugusa. Mwekezaji akisema mradi hauna faida akilipa hivyo, basi ametwambia ukweli kuhusu mradi wake na tumshukuru. Faida ambayo ipo tu kwa sababu gharama imeachiwa watu wa Vitengeni ni deni lao.

NEMA, kwenu nina jambo fupi. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kwamba maji yanayomwagwa kwenye mito yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5. Nawaomba msipokee tena ripoti yenye sentensi tupu ya kibiolojia. Itajwe ni bakteria wa hewa au wasio na hewa, ukubwa wa bwawa kwa mita za mraba, hesabu ya chuma na salfeti kwa siku, mahali pa kutolea nje ile gesi ili isimuue mtu anayeingia tangini kutengeneza, na ipimwe siku za mvua za kwanza, si Agosti. Na iandikwe jinsi pairaiti itakavyozuiwa isikutane na hewa tangu mwanzo, kwa kifusi kibaya kutengwa na kufunikwa, kwa sababu asidi isiyotengenezwa haihitaji bakteria yeyote.

Mheshimiwa Gavana, kwako ni ardhi na maji ya watu wako. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa, nami sipingi wageni. Vijana wa Ganze wanahitaji kazi, na ukame wa bara hauwalishi. Kama mgodi utakuja, vijana hao hao wafunzwe kutunza mabwawa na kupima maji, wapewe ajira ya kaunti inayolipwa na ule mfuko, wasiachiwe kubeba mawe tu. Mtu aliyezaliwa kando ya korongo lile ndiye atakayegundua siku maji yanapobadilika rangi, kabla ya mkaguzi kupata mafuta ya gari.

Na waheshimiwa wawakilishi wadi: kikao kijacho kikiitishwa, ulizeni matokeo ya kipimo cha mwamba kabla ya kuuliza idadi ya ajira. Yakiwa hayapo, takeni kikao kiahirishwe. Hakuna atakayekufa njaa kwa mkutano kuahirishwa.

Kwa leseni ambazo hivi sasa ziko mezani kwa maeneo ya Ganze na Magarini, naomba matokeo ya vipimo vya asidi, kama vimefanywa, yatolewe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ofisi za machifu, Vitengeni na Baricho, na nakala moja ipelekwe soko la samaki Malindi, ambako wanaosoma na wasiosoma hukutana kila asubuhi na hakuna karatasi inayokosa mtu wa kuisoma kwa sauti. Kama havijafanywa, liandikwe hilo hilo, na tarehe ya kuvifanya.

Ni mimi,
Mstaafu wa maabara ya maji, mkazi wa Shela, Malindi